Kaza Tukuone, Sehemu ya Kumi na Moja: Baiskeli Namba Tisa

Sifuri haijaondoka. Nawaambia mapema, maana najua kuna waliopitisha wiki nzima wakiomba umeme ukatike. Haukukatika. Mama Kaza yuko palepale tulipomwacha: juu ya jukwaa, mbele ya watu kumi na tisa wanaohema, mkono mmoja hewani, mdomo umeachama katikati ya neno "kazeni", na nyuma ya kisogo chake ubao mpya wa namba unawaka. Mstari wa kwanza unasema: MWALIMU. Uzito: 0.

Msomaji mmoja ameniandikia kunilaumu kwamba namdhalilisha mama wa watu. Mimi? Mimi nilimzuia kukaza?

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, hizi ni baiskeli zisizokwenda popote. Zimefungwa sakafuni, zina gurudumu moja zito mbele, na chini ya usukani kuna nobu nyekundu. Ukiizungusha kulia, gurudumu linakuwa zito na unapanda mlima. Kushoto, linakuwa jepesi na unateremka. Kazi ya mwalimu ni kukaa mbele, kuweka muziki, na kuwaambia watu lini wakaze na lini walegeze, huku naye akikaza na kulegeza pamoja nao. Huku naye. Shikeni hapo.

Mama Kaza amelishika darasa la saa kumi na mbili asubuhi kwa miaka sita. Nje ya jengo Mkurugenzi ametundika bango: DARASA GUMU KULIKO YOTE MJINI, na picha ya mama wa watu, meno yote nje. Ukimwondoa katika darasa hilo anabaki mke wa mtu, mama wa watoto wawili ambao hata kuvaa soksi hawamsikii. Lakini ndani ya chumba kile akisema simameni, watu wazima kumi na tisa wanasimama. Ndicho anachokipigania leo, wala msimcheke. Nani kati yetu ana chumba kama hicho?

Sasa ile sifuri. Miaka miwili iliyopita goti lake la kulia lilivimba, daktari akamwambia asikaze kwa miezi mitatu. Akatii, na alikuwa na haki. Miezi mitatu ikaisha, goti likapona, na Mama Kaza akagundua jambo ambalo mwalimu hapaswi kuligundua: mtu asiyekaza ana pumzi tele za kuwahimiza wengine wakaze. Sauti yake ikanoga. Darasa likajaa. Arudi kwenye mateso ili iweje?

Na msidhani ilikuwa rahisi. Gurudumu likiwa jepesi miguu inataka kukimbia na makalio yanarukaruka kwenye kiti, kila mtu anaona. Yeye alijifunza kuizuia miguu, kuishusha taratibu, kuinamisha kichwa, kuuma meno. Taulo alikuwa akiilowesha bombani kabla ya darasa. Alijitesa sana yule mama ili asiteseke.

Basi akajitetea. Alisema ubao ni mbovu, umefungwa jana tu, na vitu vipya vina tabia hiyo. Aliyasema hayo bila kupepesa macho.

Bahati mbaya Fundi alikuwepo. Fundi ndiye aliyeufunga ubao, mtu mfupi wa maneno machache, asiyejua kwamba ukweli nao una saa zake za kutembelea watu. Alipanda jukwaani, akachuchumaa, akaishika nobu ya mwalimu. Ikagoma. Akaipuliza vumbi, akaikamata kwa kitambaa, akaizungusha kwa mikono miwili. Ikalia kriii. Ubaoni sifuri ikawa arobaini.

"Ubao mzima," alisema. "Nobu ndiyo haijazungushwa siku nyingi."

Mkurugenzi akazima muziki. Bwana huyu ana jimu moja, ya chumba kimoja cha baiskeli, yenye choo kimoja ambacho mlango wake unaushikilia kwa mguu ukiwa ndani, lakini ukimwita Meneja haitiki. Kando yake alisimama Bibi Harusi, rimoti mkononi. Mnaomkumbuka mnajua kwamba aliingia darasa hili miaka minne iliyopita ili gauni la harusi limuenee. Gauni likaenea, ndoa ikafungwa, yeye akabaki, na jina likabaki naye. Sasa ana cheti cha ualimu, na wazo la ubao lilikuwa lake. Darasa la saa kumi na mbili analitaka hadi linamkosesha usingizi.

"Tusimwonee Mwalimu peke yake," alisema kwa huruma iliyozidi kipimo. "Tuwaone wote." Akabonyeza.

Hapo alijikwaa. Alitaka watu wajione wanavyoumia huku mwalimu wao akipunga upepo. Namba za darasa zima zikaanza kushuka ubaoni, moja moja. Sifuri. Sifuri. Nne. Sifuri. Mbili. Sifuri. Sifuri tena.

Jamani. Kila mmoja na nobu yake, kila mmoja akisikia "kaza" anapeleka mkono, anaigusa, anakunja uso, anaurudisha mkono alikoutoa. Na kila mmoja alikuwa akiamini kwamba mdanganyifu ni yeye peke yake, akaona haya mbele ya wenzake wanaojituma, akakunja uso zaidi. Daktari wa meno, ambaye mlima wa mwisho ukifika hulia mpaka wapita njia huko chini wanasimama na kutazama juu, alikuwa na mbili. Karani wa benki alieleza kwamba leo alikuwa anajihifadhi kwa sababu ana siku ndefu. Mama mmoja akasema nobu yake inateleza. Chumba kizima kiliinama kutazama viatu.

Mama Kaza akapumua. Kama wote ni wezi, nani atapiga yowe? Kidevu kilikuwa kimeanza kunyanyuka, na ulimi umeshapata la kusema, ubao ulipoleta mstari wa mwisho uliokuwa umechelewa.

Baiskeli namba tisa. Uzito: 62.

Fundi akasogea, akaukagua ubao, akaitikia kwa kichwa. Namba ni sahihi.

Namba tisa iko nyuma kabisa, ubavuni mwa nguzo. Aliyeikalia alikuwa bado anapanda. Muziki umezimwa, watu wameduwaa, yeye anapanda, kwa sababu hakuna aliyemwambia ashuke. Ni mama wa miaka sitini na saba, sketi juu ya suruali, shingo imelowa jasho lisilotoka bombani. Ni mama mkwe wa Mama Kaza.

Hapa nisimame kidogo, ingawa Mhariri hapendi. Mama huyu, siku mwanawe alipomleta mchumba nyumbani, alimtazama yule binti kuanzia juu hadi chini akasema kwamba hana nguvu hata ya kufungua kifuniko cha chupa. Maneno hayo yalidumu miaka kumi na moja. Yalikuwepo kwenye ubatizo wa watoto, yalikuwepo kila alipokuja kukaa. Kisha miaka mitatu iliyopita presha ikampanda, daktari akamshauri mazoezi mepesi, na mwanawe akamleta kwenye darasa la mkewe kwa sababu lilikuwa karibu.

Alikaa kwenye namba tisa, akamsikia mkwewe akiwaamrisha watu, akanyamaza. Wiki ya pili alianza kuwaambia majirani kwamba mke wa mwanangu mnamuona hivi, ni chuma. Ndani ya chumba alikataa kumwita mwanangu. Alimwita Mwalimu. Na Mama Kaza, ambaye hawezi kumwamrisha mama mkwe wake kwa kumkazia macho, kila akisema "kaza" alikuwa akiitazama nguzo.

Kumbe kila nguzo ilipoambiwa ikaze, namba tisa ilikaza.

"Mwalimu," yule mama alisema sasa, na bado miguu inazunguka, "ulisema kaza mara mbili. Nimekaza mara mbili. Kuna kosa?"

Akamgeukia daktari wa meno aliye jirani yake, akamwambia kwamba miwani ameisahau nyumbani, hebu amsomee mstari wa juu kabisa unasemaje. Daktari wa meno amewang'oa watu meno bila kusita, lakini hilo lilimshinda. Alikohoa. Akafuta usukani uliokuwa mkavu. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo kwamba unasema Mwalimu, sifuri.

Mama mkwe akakubali kwa kichwa, taratibu.

"Sifuri ya leo," aliuliza, "au ya siku zote?"

Wapenzi wasomaji, hilo ndilo swali. Na jibu la kumwokoa lilikuwa mlangoni, tena lililetwa na mtu ambaye hamkumtarajia. Mkurugenzi alisogea hadi kwenye jukwaa, akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, akamnong'oneza Mama Kaza aseme ya leo. Bango lake liko nje, limepigwa chapa mwezi uliopita. Aseme ya leo, ubao utazimwa, watu watasahau, kila mtu anaumwa goti siku moja moja. Mwenye ubao usiodanganya alikuwa anaomba uongo mdogo tu, wa neno moja.

Mama Kaza alitazama mlango. Alimtazama Bibi Harusi. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, aliacha kuitazama nguzo.

"Ya miaka miwili, Mama," alisema.

Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Nisiwafiche, aibu ya watu kumi na wanane wale haikuwa kitu, nao walikuwa wezi wenzake. Iliyomuuma ni moja, ya mtu mmoja tu aliyemwamini, na mtu huyo ndiye ambaye kwa miaka kumi na moja hakuwahi kumwamini.

Mama mkwe hakupaza sauti. Alisema tu, "Basi nilikuwa napanda peke yangu." Akaendelea kupanda.

Mkurugenzi, alipoona uongo wake umekataliwa hadharani, akageuka mtu wa haki. Ndivyo walivyo. Alipanda jukwaani akatangaza, mbele ya mashahidi wote, kwamba kuanzia siku ile ubao ndio mwamuzi. Hakuna undugu, hakuna miaka sita. Zimebaki dakika kumi na mbili za darasa. Dakika hizo zikiisha, atakayesoma namba ya juu kabisa ubaoni ndiye mwalimu wa saa kumi na mbili. Neno lake ni moja. Bibi Harusi alikuwa ameshavua koti la michezo kabla sentensi haijakwisha, akaruka juu ya namba moja iliyokuwa wazi. Muziki ukarudi.

Bibi Harusi alikaza hadi sitini bila kuchelewa. Ana miaka ishirini na minane na hasira ya mtu aliyesubiri.

Mama Kaza akaishika nobu. Arobaini ya Fundi akaifanya hamsini, na paja likamuuliza amepatwa na nini. Akaongeza. Hamsini na tano. Sitini. Miguu ilikuwa inazama badala ya kuzunguka, goti likawaka, si lile la zamani tu, bali yote mawili. Akafungua mdomo kuwahimiza watu kama kawaida yake, atoe ile sauti ya kupasua kuta. Ikatoka hewa.

Darasa zima likasikia. Miaka sita hawakuwahi kumsikia mwalimu wao akihema. Muziki unapiga, na juu yake pumzi ya Mama Kaza, inaingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi. Alikumbuka kwamba katikati ya mlima huu ndipo siku zote alikuwa anawaambia watabasamu. Alimshangaa huyo mtu. Ni mwendawazimu gani anayemwambia mwenzake atabasamu hapa?

Dakika ya nne ndipo alipopata neno la kwanza, na halikuwa kaza.

"Shusheni mabega," alisema. Akavuta pumzi tatu. "Usukani... msiung'ang'anie." Akavuta nyingine. "Ongezeni robo. Robo tu."

Karani wa benki alimtazama. Kisha, nawaapia, akazungusha. Robo tu. Daktari wa meno akazungusha, akanyamaza kabisa, hakutoa hata kilio kimoja, na hivyo ndivyo tulivyojua kwamba safari hii inauma. Ubaoni sifuri zikaanza kuondoka moja baada ya nyingine: kumi na tano, ishirini na mbili, thelathini. Miaka sita ya kelele haikuwahi kufanya kilichofanywa na maneno manane yasiyo na pumzi. Hata Mkurugenzi aliacha kucheza na simu yake.

Dakika ya tisa, Bibi Harusi sitini na tatu, Mama Kaza sitini na tatu. Dakika ya kumi, sitini na nne kwa sitini na nne. Mwanamke aliyekuwa analowesha taulo bombani sasa matone ya jasho lake yalikuwa yanalia kwenye sakafu. Dakika ya kumi na moja Bibi Harusi akaanza kuyumba mabega, na mwalimu wake wa zamani akaliona hilo kwa jicho la pembeni. Zilibaki sekunde hamsini. Angemshinda. Mimi mwandishi nawaambia angemshinda.

Ndipo namba tisa ikaanguka. Sitini na mbili, arobaini, kumi, sifuri.

Mama Kaza akayageuza macho kutoka ubaoni kwenda darasani. Nyuma kule, ubavuni mwa nguzo, mama mkwe wake alikuwa ameinama juu ya usukani, paji la uso limelala juu ya mikono.

Mama Kaza hakuuliza ubao. Aliruka. Kiatu kimoja kilibaki kimenasa kwenye pedeli, akakiacha, akapita kati ya baiskeli akikanyaga chupa za watu za maji, kiatu kimoja, soksi moja, na nyuma yake mstari wa MWALIMU, kwa kukosa mtu kitini, ukarudi sifuri. Alipofika alimshika mabega yule mama, akamwita. Aliita Mama, mara tatu.

Mama mkwe akainua uso. Midomo ilikuwa imepauka kidogo, lakini jicho ni lilelile.

"Usinishike hivyo, nimelowa," alisema. "Nilitaka tu kujua hiyo sifuri yako ilivyo. Kumbe ni raha." Akajifuta. "Nimeelewa miaka miwili imepitaje."

Watu wakacheka, kicheko cha kutua mzigo. Mama Kaza naye alicheka, machozi yakimtoka, na sijui yapi yalikuwa ya nini. Muziki ukafika mwisho. Bibi Harusi akashuka kwenye namba moja akiwa mshindi, akakiendea kiti cha jukwaani, akakipangusa kwa taulo yake, na Mkurugenzi akaanza kupiga makofi.

"Bado," alisema Fundi.

Wote walimgeukia. Fundi alieleza, kwa maneno yake machache, kwamba namba ya mwisho ubao unaitoa kwa kujumlisha darasa zima, tangu pedeli ya kwanza ilipozungushwa. Skrini ilikuwa imezimwa mwanzoni, lakini ubao ulikuwa unahesabu. Aliyeingia dakika kumi na mbili za mwisho amehesabiwa dakika kumi na mbili. Maelezo yako kwenye kijitabu, alimwachia Mkurugenzi mezani. Mkurugenzi alikuwa amekiwekea kikombe cha chai.

Ubao ukapepesa, ukajipanga upya. Juu kabisa, kwa tofauti ambayo mtoto wa chekechea angeiona: NAMBA TISA.

Hapo palikuwa patamu, sitaki kuwaharibia. Bibi Harusi taulo mkononi. Mkurugenzi makofi hewani, neno lake moja limemkaa kooni. Na mama wa miaka sitini na saba anashuka kwenye baiskeli yake, anaikung'uta sketi, anapita katikati ya chumba bila haraka, mkono mmoja ukigusa usukani hadi usukani njiani.

Alifika jukwaani, akamwomba Bibi Harusi kwa upole ampishe. Mkurugenzi alitaka kusema kitu, akawatazama mashahidi kumi na wanane, kisha jicho la biashara likamfunguka. Bibi kizee juu ya bango. Akatoa simu akaanza kurekodi.

Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha mwalimu. Akakinasua kiatu cha mkwewe kwenye pedeli, akakiweka chini vizuri, ncha ikielekea mlangoni.

"Bado wimbo mmoja wa kupoza mwili," karani wa benki alimkumbusha.

"Tutapoa kesho," alisema. "Mwanangu, kaa namba tisa. Leo nikisema kaza, nakuona."

Mama Kaza akakaa. Alikuwa amepoteza chumba chake, amebaki na kiatu kimoja, na moyoni, ajabu ya dunia, alijisikia mwepesi. Ameitwa mwanangu humu ndani. Kesho atajua la kufanya na maisha yake. Akapeleka mkono kwenye kishikio cha chupa cha namba tisa atafute maji ya kunywa.

Hapakuwa na chupa. Palikuwa na kifuko cha miwani.

Akakifungua. Miwani ilikuwa ndani, imefutwa, inang'aa. Haikusahauliwa nyumbani. Yule mama alikuwa ameivaa kimyakimya, akausoma ubao tangu mwanzo, kila mstari, akamwachia mkwewe mwenyewe nafasi ya kusema.

Na chini ya miwani palikuwa na karatasi, imekunjwa mara nne. Mhuri wa zahanati, tarehe ya Ijumaa iliyopita, mwandiko wa daktari ambao kwa mara hii moja ulisomeka. Moyo una kasoro. Mgonjwa asifanye zoezi lolote zito, hasa baiskeli, hadi apimwe tena. Sababu ya kizunguzungu ameelezwa.

Kizunguzungu. Alisoma neno hilo mara mbili. Ile midomo iliyopauka. Lile paji la uso juu ya usukani. Kumbe katika chumba hiki bado kulikuwa na mwongo mmoja ambaye ubao haukumpata.

Akainua kichwa. Muziki ulikuwa umeshaanza, wa kasi. Jukwaani mama mkwe wake alikuwa ameinama mbele, amependeza, simu ya Mkurugenzi usoni mwake, na mstari wa MWALIMU unasoma hamsini na nane na unapanda.

"Mama," aliita. "Legeza."

Neno hilo hakuwahi kulipaza katika miaka sita, na lilitoka limepasuka. Karani wa benki akaangua kicheko. Daktari wa meno akasema jamani sifuri imerudi, wimbo wa kwanza tu ameshachoka. Chumba kizima kikacheka naye. Akainua ile karatasi juu, akaipunga, lakini nani anasoma karatasi ndogo wakati ubao mkubwa unawaka?

"Mama, nakuomba. Legeza."

Mama mkwe alimtazama kutoka juu, mkono wa kushoto umeshika kifua kidogo, kama anayetengeneza kola.

"Miaka mitatu unaniambia nikaze, nikakaza," alisema. "Leo nimekaa kwenye kiti chako ndipo unaniambia nilegeze?"

Akaupeleka mkono wa kulia kwenye nobu, akaizungusha kulia mara mbili.